Benjamin Ferencz, mzee wa miaka 91 aliyesimama La Haye kwa ajili ya kadogo wa Ituri

Alhamisi tarehe 25 Agosti 2011, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, kule La Haye nchini Uholanzi, mzee mmoja mfupi wa miaka 91 alipewa nafasi ya kusema. Aliyekuwa akihukumiwa ni Thomas Lubanga, kiongozi wa zamani wa UPC, aliyeshtakiwa kwa kuingiza watoto wenye chini ya miaka 15 katika jeshi lake huko Ituri na kuwatuma vitani kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003.

Mzee huyo hakuwa Mkongomani, wala hakuwa mfanyakazi wa mahakama. Mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo ndiye aliyemwita aje kusaidia kufunga kesi. Jina lake ni Benjamin Ferencz. Aliwaomba majaji wafikirie uchungu wa akina mama waliolia na kusihi kwenye milango ya kambi, bila kujua watoto wao wamepatwa na nini. Wamama wengi wa Ituri hawakuhitaji kuufikiria uchungu huo, kwa sababu ni wao waliosimama kwenye milango ile.

Ferencz alifariki Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 2023, katika jimbo la Florida, Marekani, akiwa na miaka 103. Kati ya waendesha mashtaka wa kesi za Nuremberg, yeye ndiye alikuwa wa mwisho kubaki hai. Huku kwetu wachache wanamjua. Lakini njia iliyomfikisha Lubanga mbele ya majaji, yeye ni mmoja wa walioifyeka tangu mwanzo.

Mtoto wa wakimbizi

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1920 katika familia ya Kiyahudi huko Transylvania, Romania. Wazazi wake walikimbia mateso waliyofanyiwa Wayahudi, wakavuka bahari naye akiwa mtoto wa miezi kumi. Huko New York walifikia katika mtaa wa maskini. Baba yake alipata kazi ya kutunza jengo, na familia ikaishi chini kabisa ya jengo hilo. Kijana alisoma mpaka akafika chuo cha sheria cha Harvard, akamaliza mwaka 1943, kisha akaingia jeshini kama askari wa kawaida. Alishuka Normandie, Ufaransa, na kikosi cha mizinga ya kutungua ndege, wakasonga mbele mpaka ndani ya Ujerumani.

Vita vilipokaribia mwisho, wakubwa wake walikumbuka kwamba amesoma sheria. Wakamtuma kukusanya ushahidi katika kambi za mateso zilizokuwa zinakombolewa, kama Buchenwald na Mauthausen. Alikuta maiti zimerundikwa kama kuni. Kazi yake ilikuwa kukamata vitabu vyenye majina ya waliokufa, kabla havijapotea. Alielewa mapema jambo ambalo wanasheria wanaofuata kesi za vita huku mashariki wanalijua vizuri: machozi peke yake hayamfungi mtu, inahitajika karatasi.

Watu 3,000, viti 24

Baada ya vita alirudi Ujerumani kufanya kazi na waendesha mashtaka wa Nuremberg. Mjini Berlin, kundi lake lilipata ripoti za siri za Einsatzgruppen, vikosi vya Wanazi vilivyofuata nyuma ya jeshi la Ujerumani upande wa mashariki, vikiua Wayahudi, Waroma na wengine. Wauaji wenyewe walikuwa wameandika tarehe, mahali na idadi. Ferencz alijumlisha kwa mashine ndogo ya hesabu. Alipopita watu milioni moja, aliacha kuhesabu.

Alipopeleka habari hiyo kwa mkubwa wake, Telford Taylor, alijibiwa kwamba hakuna watu wala pesa za kesi nyingine. Ferencz alisisitiza, mpaka akaruhusiwa kuichukua yeye mwenyewe pamoja na kazi aliyokuwa nayo. Alikuwa na miaka 27, na hii ilikuwa kesi yake ya kwanza.

Vikosi vile vilikuwa na watu wapatao 3,000. Waliohukumiwa walikuwa 22. Sababu moja, kama alivyoeleza mwenyewe, ni kwamba kizimbani kulikuwa na viti 24 tu. Alitoa ushahidi wake kwa siku mbili, akitumia ripoti zao wenyewe. Mwezi Aprili 1948 wote 22 walikutwa na hatia. Kumi na wanne walihukumiwa kifo, ingawa yeye hakuomba adhabu hiyo, na wanne kati yao walinyongwa.

Kujitolea mpaka uzeeni

Alibaki Ujerumani mpaka mwaka 1956, akisaidia Wayahudi kudai mali na fidia, kisha akarudi New York kufanya kazi ya uwakili. Katika miaka ya 1970 alianza kuiacha kazi hiyo ya kumlipa, akajitolea kwa jambo moja: dunia iwe na mahakama ya kudumu ya kuhukumu wanaoanzisha vita na kuangamiza raia. Aliandika vitabu, akawafuata mabalozi kwenye Umoja wa Mataifa mwaka hadi mwaka. Msemo wake ulikuwa "Sheria, si vita." Nchi yake, Marekani, haijajiunga na CPI mpaka leo, na hakuogopa kuilaumu hadharani.

Mkataba wa Roma ulipitishwa mwaka 1998. Tarehe 11 Aprili 2002, nchi kumi ziliwasilisha kwa pamoja hati za kuukubali, na idadi ya nchi 60 iliyohitajika ikapatikana. RDC ilikuwa kati ya hizo kumi, pamoja na Romania alikozaliwa Ferencz. Mkataba ulianza kazi tarehe 1 Julai 2002, miezi miwili tu kabla ya kipindi ambacho Lubanga alikuja kuhukumiwa.

Tarehe 14 Machi 2012, Lubanga alikuwa mtu wa kwanza kukutwa na hatia na CPI. Alipewa miaka 14, akatoka Machi 2020. Baada yake, Germain Katanga alipewa miaka 12, na Bosco Ntaganda miaka 30.

Kwa aliyepoteza watu wake Ituri, watatu ni wachache sana. Makundi yenye silaha bado yanaua huko na huko Kivu, na bado yanabeba watoto. Ferencz asingeshangaa kusikia lawama hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa na viti 24 kwa wauaji 3,000, akavitumia, kisha akaishi miaka mingine 75 akidai viongezwe.