Kuikagua Redio Isiyoingiza Maji

Mwaka 2002 kampuni ya Yaesu ya Japani ilitoa VX-7R, redio ndogo ya mkononi kwa watu wa redio za ridhaa. Bodi yake ni ya magnesi, ina nguvu ya wati 5 katika bendi za 50, 144 na 430 MHz, na mtengenezaji aliahidi kwamba inaweza kuzama futi 3, yaani karibu mita 1, kwa dakika 30 bila kudhurika. Haitengenezwi tena, lakini iliyotumika bado hupita mkono kwa mkono. Nimeichukua kuwa mfano wa sura hii kwa sababu redio kuukuu huonyesha wazi kuliko mpya ni nini hasa kinachozuia maji, na ni nini huchoka kwanza.

Ahadi ya namna hiyo leo huandikwa IPX7, kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya IEC 60529. Tarakimu 7 ni ya maji. Herufi X maana yake ni kwamba kinga ya vumbi haikutajwa; ukiona IP67, basi na vumbi limepimwa, na 6 ndiyo ngazi yake ya juu. Wanunuzi wengi huishia kwenye tarakimu hizo. Tazama lakini jaribio lenyewe linavyofanywa: maji hayana chumvi, yametulia, na joto lake halitakiwi kupishana na joto la chombo kwa zaidi ya nyuzi 5. Sharti hilo la joto ndilo zito kuliko yote, na sijaona tangazo linalolitaja.

Uzito wake uko hapa. Redio iliyofungwa vizuri imebeba hewa ndani. Ukiiacha juani kwenye mtumbwi hadi ifike nyuzi 50, kisha ikaponyoka na kuanguka kwenye maji ya nyuzi 27, hewa ile inapoa na kutaka kusinyaa. Bodi haisinyai nayo, kwa hiyo msukumo wa ndani unashuka kwa takriban asilimia 7. Upungufu huo ni sawa na mkandamizo wa maji kwenye kina cha sentimita 70 hivi. Yaani redio iko juu juu tu, au imetumbukia kwenye ndoo, lakini mipira yake inasukumwa kana kwamba iko sentimita 70 zaidi chini. Ikizama kweli nusu mita, imeshapita kipimo cha kiwandani. Redio inaweza kufa majini hivi, na mwenye redio akaapa kwamba haikukaa hata dakika moja.

Kwa hiyo ukaguzi unaanza kwenye mipira. Fungua betri na uangalie mpira unaoizunguka: je, bado unabonyea na kurudi, au umekuwa bapa na kuonyesha nyufa? Unywele mmoja au chembe ya mchanga juu yake inatosha kupitisha maji. Angalia vifuniko vya tundu la chaja na la kipaza sauti, ambavyo hulegea kwa kufunguliwa kila siku. VX-7R ina tundu la kuunganishia kipaza sauti kwa skrubu, na kipaza sauti kinachostahimili maji kilitengenezwa kwa ajili yake. Ukichomeka kiunganishi cha kawaida, kinga ya maji imekwisha hapo hapo. Mpira uliochoka hubadilishwa, na mpya hupakwa grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu.

Kisha jaribu, lakini usianze kwa kuizamisha kwenye maji ya baridi. Chukua redio iliyozimwa, iliyo na joto la chumbani, uitie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi. Hewa ya ndani itatanuka na kutafuta njia ya kutoka, kwa hiyo penye tundu utaona mfululizo wa vipovu vyembamba, na maji hayaingii kwa sababu msukumo unatoka ndani. Vipovu vya mwanzo vinavyonasa kwenye mianya ya nje usivihesabu. Itoe kabla maji hayajapoa, uifute, ufungue betri na utazame kama kuna unyevu. Muuzaji anayelikataa beseni amekwisha kukujibu.

Kuanguka ni jambo jepesi kueleza. Maandishi ya MIL-STD-810 kwenye redio yanatokana na kanuni ya majaribio ya jeshi la Marekani, lakini ndani yake mna majaribio mengi na mtengenezaji huchagua ayafanye yapi. Uliza ni yapi. Bila jibu, maandishi yale hayana kazi.

Chumvi ni habari nyingine. Magnesi ni nyepesi na imara, ila rangi ikichubuka, maji ya bahari huila upesi kuliko aluminiamu. Kila mkwaruzo ni wa kutazamwa, na redio iliyorushiwa maji ya bahari isuuzwe kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo. Tena, VX-7R ina ukubwa wa sentimita 6 kwa 9 kwa 2.85, yaani inasukuma maji ya gramu 154 hivi, na yenyewe ina uzito wa gramu 260. Haielei. Ifunge kamba.

Baada ya maji, ipime kama redio. Bodi iliyozibwa haina pa kupumulia, na katika wati 5 zaidi ya nusu ya umeme wa betri huishia kuwa joto; ongea kwa nguvu ndogo kila inapotosha. Simama karibu na mlingoti wa matangazo ya FM usikilize kama kipokezi kinazibwa na mawimbi makali. Wala usidanganywe na wati. Watu wawili waliosimama ufukweni, antena ziko mita 1.5 kutoka usawa wa bahari, hutenganishwa na mviringo wa dunia wakiachana kilomita 10 hivi. Kupanda mwamba kutakusaidia kuliko kuongeza nguvu.

Leseni ni lazima: Tanzania huitoa TCRA, Kenya huitoa Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa mvua, mto na safari za milimani, VX-7R yenye mipira mipya na iliyopita beseni inafaa kununuliwa hata leo. Kwa kuvuka bahari, nunua kwanza redio ya baharini inayoelea na yenye chaneli 16, yaani 156.8 MHz, kwa sababu hapo ndipo meli na waokoaji wanaposikiliza.