Glavu ya mlimani: tazama mshono kabla ya nembo

Mtu anayejiandaa kupanda Kilimanjaro huuliza kwanza habari za viatu, kisha koti, kisha dawa za kuzuia maradhi ya mwinuko. Glavu hununuliwa au kukodishwa siku ya mwisho pale Moshi, tena kwa kutazama unene na rangi. Usiku wa kileleni ndio unaoonyesha thamani yake. Misafara mingi huondoka kambi ya Barafu, karibu mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, mnamo saa sita usiku, na hutembea gizani muda wa saa sita au saba kabla ya kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ukingoni mwa kreta baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na upepo huizidishia makali. Mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi hawezi kufunga zipu ya koti, kufungua chupa ya maji wala kubadilisha betri ya taa ya kichwani. Anabaki kutegemea mikono ya mwongozaji wake kwa kila kitu, naye mwongozaji ana watu wengine wa kuwatazama.

Vidole huwa vya kwanza kuumia kwa sababu mwili, ukihisi baridi, hulinda moyo, mapafu na ubongo kabla ya kitu kingine. Mishipa midogo ya mikono na miguu hujibana, damu ya moto ikabaki kiwiliwilini. Kule juu oksijeni inayoingia kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani, na mpandaji aliyechoka na kukosa maji hali yake ni mbaya zaidi. Ndiyo maana glavu nene haiwezi kumwokoa mtu aliyevaa koti jepesi. Glavu haitengenezi joto, hulizuia tu lile linaloletwa na damu lisipotee. Glavu inayobana nayo ni hatari, maana huizuia damu yenyewe isifike.

Sasa, ipi hudumu? Jibu langu ni kwamba tuwaulize watu wanaofanya kazi ya mikono kwenye baridi. Glavu bora za ski, yaani za kuteleza juu ya theluji, na za kupanda milima ya theluji zimetoka kwao. Kampuni ya Hestra ya Uswidi ilianza mwaka 1936 kwa kuwashonea glavu wakata miti, kisha ndipo watelezaji wa ski wakazitaka. Huko Marekani, wahudumu wa lifti za ski, ambao hushinda kutwa nzima wakishika vyuma na kufukua theluji kwa koleo, wamezipenda kwa miaka mingi glavu za ngozi za Kinco, kampuni ya Portland iliyojulikana kwa glavu za vibarua. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya glavu za maduka ya michezo. Wapandaji wa barafu nao wamezichukua glavu za mpira za kampuni ya Showa ya Japani, ambazo hutumiwa na wavuvi, kwa sababu hazipitishi maji na hazichaniki upesi. Hakuna kati ya watu hao aliyevutwa na tangazo. Walitaka kitu kitakachomaliza msimu.

Ngozi ya mnyama ndiyo bado inayoongoza kwa kudumu. Ngozi ya mbuzi ni laini na imara, nayo humwachia mvaaji uwezo wa kuhisi anachokishika. Ya ng'ombe ni nene zaidi, huvumilia msuguano wa kamba na makali ya chuma yaliyo pembeni mwa ski, lakini huchukua muda kuzoea mkono. Ya nguruwe husifiwa kwa kubaki laini hata baada ya kulowa na kukauka, na glavu nyingi za bei nafuu zimeshonwa kwa ngozi hiyo. Msomaji Mwislamu asome lebo ya ndani kabla ya kulipa. Asione kwamba anapoteza kitu, kwani ya mbuzi na ya ng'ombe hufanya kazi hiyo vizuri kabisa. Kitambaa cha nailoni ni chepesi na hukauka haraka, ila kiganja cha kitambaa kitupu hakifai kwa mtu atakayeshika mwamba, kamba au shoka la barafu. Kama sehemu ya nyuma ni kitambaa, kiganja na vidole viwe ngozi.

Glavu huanza kuachia kwenye mshono. Igeuze na utazame sehemu tatu: pembe kati ya kidole gumba na cha shahada, ncha za vidole, na mstari unaozunguka gumba. Hapo ndipo kamba na fimbo husugua. Mshono mzuri umepigwa mara mbili, nyuzi zake zimekaribiana, na pembe ya gumba imeongezewa kipande cha pili cha ngozi. Kisha lowesha mkono kidogo uwe kama wenye jasho, uingize, na uutoe kwa nguvu. Ikiwa bitana inafuata vidole na kutoka nje, irudishe dukani. Bitana iliyojikunja ndani ya kidole saa kumi usiku, huku upepo unavuma, hairudishwi kwa urahisi, na mtu huishia kuvaa glavu yenye vidole vitatu vinavyofanya kazi.

Bora zaidi ni glavu ambayo bitana yake hutoka yote. Ganda la nje linakuwa la ngozi, na ndani kuna glavu ya sufu au ya manyoya ya kiwandani inayoweza kuvuliwa na kukaushwa kando. Maji hubeba joto la mwili haraka kuliko hewa kwa zaidi ya mara ishirini, kwa hiyo glavu nyembamba iliyo kavu huishinda glavu nene iliyolowa. Wauzaji watakuambia kuhusu utando wa ndani unaozuia maji na kupitisha jasho. Utando huo ni wa kweli na husaidia, lakini umefichwa mahali ambapo hauwezi kushonwa ukitoboka, na glavu yenye utando na bitana iliyoshonwa humo humo ikilowa kwa ndani huchukua siku mbili kukauka. Kambini hakuna siku mbili.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kilimanjaro, kwa sababu njia ya Machame huanzia kwenye msitu wa mvua na mtu anaweza kulowa siku ya kwanza. Siku chache baadaye anapanda ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu, akishika mawe ya volkano yenye makali. Glavu za kufuma huchanika hapo kwa asubuhi moja. Ushauri wangu ni kutoka na jozi mbili: glavu za kazi za ngozi nyepesi kwa ajili ya mvua na mawe, na jozi nene ya kileleni iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, isiguswe hadi usiku ule. Jozi hiyo nene, kwa mtu ambaye mikono yake hupoa upesi, iwe ile ambayo vidole vinne hukaa chumba kimoja na gumba peke yake. Vidole vilivyo pamoja hupashana joto. Chini yake avae glavu nyembamba, ili akitaka kupiga picha au kufungua chupa asibaki mikono mitupu.

Anayepanda barafu yenyewe ana hesabu nyingine. Phil Snyder na Thumbi Mathenge walipoupanda mkondo wa barafu wa Diamond Couloir, Mlima Kenya, mwaka 1973, walikuwa wanapanda mahali ambapo mikono huinuliwa juu ya kichwa muda mrefu. Damu hushuka, vidole hupoa, na mikono ikiteremshwa maumivu ya damu kurudi humliza mtu mzima. Mpandaji wa namna hiyo huvaa glavu nyembamba inayoshika vizuri wakati wa kupanda, na huweka ile nene kifuani, tayari kwa wakati wa kusimama na kumshikia mwenzake kamba.

Kamba ndogo ya kufunga glavu kwenye kifundo cha mkono wengi huikata kwa kuiona kero. Waiache. Mwezi Juni 1950 Mfaransa Maurice Herzog, akishuka kutoka kilele cha Annapurna, mita 8,091, alivua glavu zake ili afungue mkoba, zikateleza mteremkoni na kupotea. Alikuwa na soksi za akiba ambazo angeweza kuzivaa mikononi, lakini kwa uchovu hakulikumbuka hilo. Alikatwa karibu vidole vyote vya mikono na miguu. Vidole vikishaganda visisuguliwe wala kuwekwa juu ya moto, bali vipashwe kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na hilo lifanyike mahali ambapo haviwezi kuganda tena. Vile vifuko vya joto vinavyouzwa kwa wapandaji visitegemewe kupita kiasi. Hupata moto kwa unga wa chuma unaoungana na oksijeni, na kule juu oksijeni ni haba.

Utunzaji ni rahisi na vifaa vyake tunavyo. Ngozi ikiwa safi na kavu, iwekwe juani ipate vuguvugu, kisha isuguliwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, hasa kwenye mishono. Nta nzuri inatoka Tabora. Glavu iliyolowa ikaushwe kivulini penye hewa, kamwe isianikwe juu ya jiko, maana ngozi iliyokaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka. Mshono ukiachia uzi mmoja, ipelekwe siku hiyo hiyo kwa fundi viatu mwenye uzi uliopakwa nta.

Nimezungumza kuhusu wageni na wapandaji, lakini mikono inayokaa kwenye baridi ya Kilimanjaro mwaka mzima ni ya wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Wengi wao hawafiki kileleni, na kwa hiyo husahauliwa zinapotajwa glavu. Ila wao ndio wanaoteka maji ya mtoni alfajiri, wanaoosha vyombo, wanaokunja mahema yaliyoganda na kukamata vyuma vyake, kisha wanabeba mizigo ya hadi kilo 20. Mjini Moshi, mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project huwaazima nguo za baridi bila malipo, na ni kazi ya kupongezwa. Lakini mwajiri ndiye anayepaswa kuhakikisha mtu wake ana glavu za mpira kwa ajili ya maji na za ngozi kwa ajili ya mzigo. Mpandaji, kabla hujalipia safari, iulize kampuni wagumu wake watavaa nini mikononi. Ukishuka na glavu zako bado nzima, wape hao.