Ufunge Kibanda au Ufungue? Hesabu ya Mfanyabiashara Mdogo Wakati wa Maradhi

Korona imeanza kuwa hadithi ya kuwasimulia watoto, lakini swali lake kubwa kwa mfanyabiashara mdogo wa huku Mombasa bara bado halijapata jibu la kuridhisha. Maradhi yameingia mjini, wateja wamepungua, serikali inatoa amri juu ya amri. Je, mwenye kibanda afunge au aendelee kufungua?

Mwaka 2020 watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe walilijibu swali hilo kila mmoja kivyake. Wako waliofunga kwa hofu, wakakaa nyumbani wakila mtaji mpaka ukaisha. Wako waliofungua kwa ukaidi, wakajitia hatarini kutwa nzima kwa faida ya kununulia chumvi. Na wako waliokaa chini na daftari. Mimi nina stashahada ya biashara; si daktari wala si wakili. Katika miezi ile majirani kadhaa huku Kisauni waliniletea daftari zao tuzitazame pamoja, na niliyojifunza humo ndiyo ninayoyaeleza hapa. Nayaeleza leo kwa sababu maradhi hayakuishia kwa korona. Mpox ilithibitishwa nchini Julai 2024 kule Taveta, na kipindupindu ni mgeni tuliyemzoea.

Maswali ni matatu, nayo yaulizwe kwa mpangilio: Amri iliyotolewa inaniachia saa na wateja gani? Daftari linasemaje? Na nani ataumia nikirudi nyumbani na maradhi?

Amri, saa na wateja

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo hiyo abiria wa feri ya Likoni wakapigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa yenyewe haijafika. Aprili 8 kuingia na kutoka kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi kukapigwa marufuku, isipokuwa mizigo na vyakula. Mei 6 Mji wa Kale ukafungiwa peke yake, pamoja na masoko na mikahawa yake, hadi mwanzoni mwa Juni. Mombasa ikafunguliwa Julai 7. Kafyu, baada ya kusogezwa mara kadhaa, iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Sasa tazama amri moja ilivyogusa biashara tatu. Muuza mishkaki na viazi karai huwasha jiko jua likitua. Kwake kafyu ya saa moja ilikuwa sawa na kufungiwa, hata kama hakuna aliyemwambia afunge. Muuza mahamri wa asubuhi alikatwa upande wa pili: wateja wake wengi ni wanaotoka kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi kazi ng'ambo au bandarini, na wengi wao hawakuweza kutoka saa hizo tena. Lakini muuza futari alipata bahati yake. Ramadhani iliingia mwisho wa Aprili, na magharibi ya hapa petu huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Kuanzia alasiri hadi magharibi aliuza vitu vyake vyote na kufika nyumbani kabla ya saa ya kafyu.

Mipaka nayo ilifanya kazi yake. Mwenye duka la Likoni anayetegemea wateja wa Ng'ombeni na Diani aliwapoteza kwa siku moja. Wa Kisauni aliwapoteza wa Mtwapa. Wa Changamwe aliyekuwa akiuza maji na vitafunio kwa wasafiri alikuta uwanja wa ndege umenyamaza na treni ya abiria imesimama hadi Julai.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, andika mambo mawili: wateja wako hutoka wapi, na hununua saa ngapi. Amri ikitoka, soma orodha yako. Ukiona nusu ya wateja wako wako ng'ambo ya mpaka uliofungwa, huna haja ya kusubiri wiki tatu ndipo ugundue.

Usisahau faini. Kanuni za mwaka ule ziliweka adhabu ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita kwa asiyevaa barakoa hadharani. Anayebaki na faida ya shilingi 500 kwa siku, faini moja kama hiyo ni kazi ya siku 40.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huuliza, "Napata hasara au sipati?" Swali lenyewe ni hili: nikifungua leo nitapoteza zaidi au kidogo kuliko nikifunga?

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mahamri na mbaazi Likoni. Nambari ni za mfano tu. Siku za kawaida huuza shilingi 3,000. Unga, sukari, mafuta, nazi, mbaazi na makaa humgharimu 1,800. Msaidizi humlipa 400. Kodi ya kibanda ni 4,500 kwa mwezi, yaani 150 kwa siku. Anabaki na 650.

Maradhi yanaingia na mauzo yanashuka hadi 1,200. Akipika kwa kipimo, vitu vya kupikia vitashuka navyo hadi 720. Msaidizi ni 400 vilevile. Sabuni na maji ya kunawa wateja, 50. Kodi 150. Jumla ya matumizi ni 1,320. Amepoteza 120 kwa siku, na wengi wangesema hapo hapo: funga.

Ngoja kwanza. Akifunga, kodi haifungi. Atapoteza 150 kila siku akiwa amekaa barazani. Kumbe kufungua kunampunguzia hasara kwa shilingi 30. Lakini shilingi 30 kwa kutwa nzima ya kupumuliana na watu si kitu cha kujivunia. Akiendelea hivyo anajichosha bure.

Sasa tubadilishe jambo moja. Amezungumza na msaidizi wakakubaliana aje nusu siku kwa 200. Mauzo 1,200, toa 720, toa 200, toa 50: zimebaki 230. Akilipa kodi bado ana 80 mkononi. Tulichobadilisha ni mpangilio wa kazi peke yake. Wateja hawakuongezeka hata mmoja.

Kutokana na hesabu hii unapata mistari miwili ya kuandika ukutani. Kila shilingi 100 anayouza humwachia 40 baada ya vitu vya kupikia. Kufungua kibanda kwa siku kunamgharimu 250, yaani msaidizi na sabuni. Basi akiuza chini ya 625, afunge, maana kila siku anayofungua inamwumiza kuliko kukaa nyumbani. Akiuza kati ya 625 na 1,000, anapunguza makali ya kodi, na anaweza kuvumilia kwa muda. Akipita 1,000, kibanda kinajilipa chenyewe pamoja na kodi yake. Kila biashara ina mistari yake miwili. Tafuta yako.

Angalia pia unachouza. Mahamri ya leo hayauziki kesho, na samaki ndiyo zaidi. Mwenye bidhaa inayooza apike au anunue kidogo kila siku, maana amri huja jioni ikaanza kesho yake. Mwenye kanga, viatu au vyombo ana nafuu ya kufunga kwa sababu mali yake haiozi. Lakini kama aliinunua kwa mkopo, riba haijui kwamba mlango umefungwa.

Nyumbani kuna nani

Hesabu ikikubali, bado kuna swali ambalo daftari haliwezi kulijibu. Nyumba zetu za bara zina bibi, mjomba mwenye sukari, shangazi mwenye presha, na wote hushiriki ukumbi mmoja. Korona iliwaumiza zaidi wazee na wenye maradhi hayo. Kijana anayeuza dukani aliweza kuugua kidogo akapona, huku ameshamwachia bibi yake maradhi.

Kwa hiyo pima mahali pa kazi. Kibanda kilicho wazi, chenye upepo wa bahari, mteja anachukua na kuondoka, si sawa na chumba kisicho na dirisha ambamo watu wanakaa nusu saa wakizungumza. Kinyozi, mshonaji na mwenye mkahawa wa ndani wako katika hatari kubwa kuliko muuza maembe wa kando ya njia. Kama biashara yako ni ya chumba kilichofungwa na nyumbani una mtu dhaifu, mstari wako wa kufunga uwe juu zaidi, au mtafutie mzee pa kukaa kwa jamaa wengine mpaka hali itulie.

Wapo waliosema kujikinga ni upungufu wa imani. Tukumbuke kwamba Sayyidna Umar alikuwa njiani kuelekea Sham alipopata habari ya tauni huko, akashauriana na wenzake, kisha akarudi na watu wake Madina. Hakuna anayeweza kusema Umar alipungukiwa na imani. Kutafuta riziki ni wajibu, na kulinda roho ni wajibu pia.

Kati ya kufunga na kufungua

Wengi waliona milango miwili tu, kumbe uko wa tatu: kufungua kwa namna nyingine. Niliwaona mafundi cherehani walioacha nguo za harusi wakashona barakoa. Niliona wauzaji wawili wakishirikiana kibanda kimoja, huyu asubuhi na yule alasiri, wakagawana kodi. Wengine walichukua oda kwa simu na kumpa kijana wa bodaboda. Hilo lilisaidiwa na ada ya M-Pesa kuondolewa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, kuanzia Machi hadi mwisho wa Desemba 2020. Kwa mtu anayeuza kifurushi cha shilingi 200, huo ulikuwa msaada wa kweli.

Msaada mwingine haukumfikia. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ilishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1, na VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Ni jambo jema, lakini punguzo la kodi ya mauzo humsaidia mwenye mauzo. Usijenge uamuzi wako juu ya tangazo kabla hujauliza litakuingizia shilingi ngapi.

Mwenye nyumba

Jambo lililowaogopesha watu kuliko maradhi lilikuwa kufuli la mwenye nyumba. Hapa wengi hawajui haki zao. Sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kumtoa wala kumpandishia kodi kwa neno la mdomo. Anatakiwa atoe notisi kwa fomu maalumu, ya muda usiopungua miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza linaloshughulikia kodi za majengo ya biashara.

Lakini sheria hiyo haifuti deni. Malimbikizo ya miezi miwili ni sababu inayokubalika ya kumtoa mpangaji. Kwa hiyo usikimbie wala usizime simu. Nenda kwa mwenye nyumba mapema, mwambie utalipa kiasi gani na lini, muandikiane hata kwa ujumbe wa simu, na ulipe hicho kidogo kwa wakati. Naye mwenye nyumba akumbuke kwamba dini imetuhimiza kumpa muhula mdaiwa aliyebanwa, na kwamba chumba kitupu wakati wa maradhi hakipati mpangaji haraka. Aliye kando ya barabara katika ardhi ya umma hana ulinzi wa sheria hii; yeye akiba yake ndiyo wakili wake.

Kabla halijaja jingine

Mambo haya hayafanywi siku ya tangazo. Fanya wiki hii. Andika mauzo na matumizi ya siku 14, upate mistari yako miwili. Tenga pesa ya kodi ya mwezi mmoja, uiweke mbali na pesa ya vitu, hata kwa shilingi 50 kwa siku. Zungumza na msaidizi wako sasa kuhusu mtakavyogawana siku zikiwa mbaya, maana naye ana watoto. Na mjue aliye dhaifu nyumbani kwako.

Hapo likija tangazo jingine jioni, utakuwa na usiku mzima wa kuamua na daftari mkononi, wakati jirani yako anauliza wengine wanafanya nini.