Keti na Mzazi Kabla ya Kumpokea Mtoto

Leo tunazungumza na akina mama wanaolea watoto wa wenzao mchana, nyumbani kwao, kwa malipo. Nawe mzazi unayemwacha mtoto kwa mlezi, usizime redio, kwa sababu mazungumzo haya yanakuhusu pia.

Tuanzie Kiuu. Wadi hii iko upande wa Githurai 45, katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kabla jua halijachomoza, watu wako njiani. Kuna mama anayewahi soko la Githurai kupanga nyanya na vitunguu. Kuna anayewahi matatu au gari la moshi la kwenda Nairobi. Kuna anayekwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo. Mtoto wa miezi minane hawezi kubebwa katika shughuli hizo zote, kwa hivyo anaachwa kwa jirani, katika nyumba ambayo watu wengi huiita dei kea.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mama anabisha mlango alfajiri, mtoto mgongoni, haraka imemshika. "Anti, nakuachia huyu. Uji uko kwa chupa. Nitarudi jioni." Pesa za siku zinatolewa, na mama anaondoka. Mlezi anabaki na mtoto ambaye hajui jina lake kamili, hajui kama amechanjwa, wala hajui kama huwa anapata degedege. Ikifika saa tano mtoto awe na joto kali, na simu ya mama haishikwi, mlezi atafanya nini? Ataanza kubahatisha. Na kwa mtoto mdogo, kubahatisha kunaweza kugharimu maisha.

Ndiyo maana tunasema: usimpokee mtoto kabla ya kuketi na mzazi wake. Tenga nusu saa, jioni au Jumapili, siku moja au mbili kabla ya mtoto kuanza kuja. Mwambie mzazi aje na mtoto, na aje na kijitabu cha kliniki. Wewe uwe na daftari na kalamu. Kuuliza si ujinga, na mzazi mwema hatakasirika kuulizwa habari za mtoto wake.

Je, utauliza nini?

Kwanza, uliza mtoto ni nani na ni wa nani. Andika jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Andika nambari za simu za wazazi, na za watu wengine wawili wanaoweza kufanya uamuzi ikiwa wazazi hawapatikani. Uliza mzazi hufanya kazi wapi. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: ni nani atakayekuja kumchukua mtoto jioni? Andika majina yao. Mtu ambaye hayumo katika daftari asipewe mtoto, hata akisema yeye ni mjomba, mpaka mzazi mwenyewe akuthibitishie kwa simu. Ikiwa wazazi wametengana, mweleze mama au baba aliye mbele yako akuambie mapema mpango wao ni upi, ili usije ukajikuta katikati ya ugomvi mlangoni.

Pili, fungua kijitabu cha kliniki, mkisome pamoja. Kwa mpango wa chanjo wa Kenya, mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na ya polio anapozaliwa. Chanjo nyingine hufuata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya ukambi, yaani surua, pamoja na rubela, hutolewa akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Matone ya vitamini A huanza miezi 6 na kurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi mtoto akaribie miaka 5.

Huenda ukajiuliza, haya yanamhusu vipi mlezi? Yanakuhusu sana. Virusi vya ukambi husafiri hewani, na huweza kubaki katika chumba hadi saa mbili nzima baada ya mgonjwa kutoka. Tena mtoto huanza kuambukiza wengine siku nne hivi kabla ya upele kuonekana. Katika chumba kimoja chenye watoto sita au saba, mtoto mmoja asiyechanjwa anaweza kuwaambukiza wadogo wake ambao bado hawajafika miezi 9. Ukiona chanjo imerukwa, usimfukuze mzazi wala usimwaibishe. Mwambie ampeleke mtoto kliniki kwanza. Chanjo hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

Tatu, uliza kuhusu magonjwa na dawa. Usiulize tu, "Mtoto ni mzima?" kwa sababu jibu litakuwa, "Ni mzima." Uliza jambo moja moja, namna hii:

"Mama, huyu mtoto amewahi kupata degedege akiwa na homa?"
"Mara moja tu, anti, alipokuwa na miezi saba."
"Ilichukua muda gani? Mlimpeleka hospitali gani?"

Umeona, msikilizaji? Mama huyo hangesema kama hangeulizwa. Endelea hivyo hivyo. Ana pumu? Ana kifafa? Ana ugonjwa wa selimundu? Kuna chakula kinachomdhuru, kama vile mayai, samaki au njugu? Amewahi kulazwa?

Kuhusu dawa, wekeni kanuni mapema. Mlezi hampi mtoto dawa yoyote ambayo mzazi hajaileta na kuieleza kwa maandishi: jina la dawa, kiasi gani, saa ngapi. Na dawa ya kumlaza mtoto isitumike kabisa. Wako walezi wanaowapa watoto dawa za mafua ili walale na wasisumbue. Hiyo ni hatari kubwa. Dawa ikizidi, mtoto hushindwa kupumua vizuri, na aliyelala kwa dawa hawezi kuamka kunyonya wala kulia akiumwa. Sema wazi mbele ya mzazi kwamba kwako jambo hilo halifanyiki.

Nne, uliza kuhusu chakula. Mtoto asiyefika miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee, bila uji wala maji. Mama anayefanya kazi anaweza kukamua maziwa na kuyaacha katika chombo safi chenye kifuniko. Yakikaa chumbani bila friji, yatumike kabla ya muda wa saa nne kupita. Mpe mtoto kwa kikombe kidogo au kijiko, kwa kuwa chupa yenye chuchu ni vigumu kuisafisha vizuri na huleta kuhara. Kama mama anauza sokoni hapo karibu, mwulize kama anaweza kupita mchana kunyonyesha. Kwa mtoto mkubwa, kubalianeni nani ataleta chakula, na kitahifadhiwa vipi.

Tano, kuna swali ambalo hupaswi kulilazimisha. Usimdai mzazi akuambie kama yeye au mtoto ana virusi vya Ukimwi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu HIV na Ukimwi inalinda siri hiyo. HIV haiambukizwi kwa kucheza pamoja, kwa kikombe wala kwa kumbeba mtoto. Unachohitaji ni kuwa mwangalifu kwa damu ya kila mtoto: funika mkono wako kwa glavu au mfuko safi wa plastiki unapoosha kidonda, kisha unawe kwa maji na sabuni. Mzazi akiamua mwenyewe kukuambia kwa sababu kuna dawa ya kunywa mchana, jambo hilo libaki moyoni mwako. Na daftari lako usiliache mezani wageni wakalisoma.

Sita, wekeni makubaliano ya siku ya taabu. Mwambie mzazi mtoto akiwa na homa kali, kuhara au upele usiojulikana asiletwe, ili asiwaambukize wengine. Tunajua hili ni gumu, kwani mama anayelipwa kwa siku asipokwenda kazini hali chakula. Ndiyo sababu linazungumzwa mapema: ni ndugu au jirani gani atakayekaa na mtoto siku hiyo?

Na je, mtoto akiugua akiwa kwako? Dalili za hatari ni hizi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, au amelegea na haamki. Apewe ruhusa mlezi, kwa maandishi na sahihi, kumpeleka hospitali mara moja, huku mzazi akipigiwa simu njiani. Andikeni ni hospitali gani, kwa mfano hospitali ya Ruiru, nauli itatoka wapi, na kama familia imesajiliwa na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Mtoto akipata degedege, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumwumiza, na usimtie kitu chochote mdomoni.

Zungumzeni pia kuhusu saa ya kurudi. Msongamano wa magari katika barabara ya Thika tunaujua. Mzazi akichelewa, atapiga simu saa ngapi, na kuna malipo gani ya ziada? Mambo haya yakiachwa, huleta chuki kati ya mlezi na mzazi, na anayeumia ni mtoto.

Baada ya mazungumzo, mlezi ana haki ya kukataa. Mama mmoja hawezi kuwalea vyema watoto wachanga wengi kwa wakati mmoja. Ukiwa tayari una wachanga watatu, mwambie mzazi ukweli, "Mama, samahani, mikono yangu imejaa." Ni heri ukose pesa za siku kuliko mtoto apaliwe na maziwa ukiwa unambadilisha mwenzake nepi. Vilevile mzazi anayekataa kabisa kutoa nambari ya simu au kuonyesha kijitabu cha kliniki, usimpokelee mtoto mpaka alete.

Nawe mzazi, nusu saa hiyo ni yako pia. Tazama nyumba. Watoto ni wangapi? Kuna maji na sabuni ya kunawa mikono? Maji ya kunywa yamechemshwa? Jiko la makaa liko wapi? Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Kiambu inapozidi, wengine huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na huua watoto wakiwa usingizini. Mlezi anayekasirika ukiuliza haya, mtafakari mara mbili.

Walezi, msiogope maofisa. Katiba ya mwaka 2010 iliweka vituo vya kulea watoto chini ya serikali za kaunti. Mwendee afisa wa afya ya umma aliye karibu nawe, umwulize unatakiwa kuwa na nini. Wajulishe pia wahamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako, ili wawapime watoto na kukushauri. Na ukiona mtoto analetwa na majeraha yasiyoelezeka, piga simu nambari 116. Ni bure, na inahudumia watoto kote nchini.

Kabla ya kuagana, tukumbushane:

- Keti na mzazi kabla ya siku ya kwanza, mtoto akiwepo.
- Andika majina, simu, na watakaomchukua mtoto.
- Soma kijitabu cha kliniki.
- Uliza ugonjwa mmoja mmoja, na usitoe dawa bila maagizo ya maandishi.
- Kubalianeni kuhusu chakula, saa ya kurudi, na siku ya ugonjwa.
- Ruhusa ya kwenda hospitali iwe na sahihi.
- Mikono ikijaa, sema hapana.

Msikilizaji, kama tayari unalea watoto ambao hukuwauliza wazazi wao maswali haya, hujachelewa. Jioni ya leo mama mmoja akija kumchukua mtoto wake, mpe kiti na umwombe dakika chache. Kesho mwombe mwingine.