Kizunguzungu cha Sumaku

Je, wajua kwamba majabali yanayouzunguka mji wa Singida yanatengeneza gesi? Ni miamba ya itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani yake mna urani na thori kidogo, na atomi zake zinapomeguka huzaa heliamu. Gesi hiyo hubaki imefungwa mwambani mpaka joto la Bonde la Ufa liifungulie njia. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza hazina kubwa ya heliamu Rukwa. Eyasi na Balangida, jirani na Singida, nako imetafutwa.

Wengi wanaijua heliamu kwa maputo, lakini thamani yake iko hospitalini. Ikipozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri huwa kimiminika. Waya wa niobi na titani ukizamishwa humo hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mkondo ukishaanzishwa, huzunguka miaka na miaka. Hiyo ndiyo sumaku ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili. Ile yenye nguvu ya tesla 1.5 huushinda usumaku wa dunia takriban mara 30,000.

Sumaku iliyotulia, kama hiyo ya MRI, kwa kawaida haiamshi neva. Ni usumaku unaobadilika ndio unaozalisha umeme mwilini. Mwaka 1985 Anthony Barker wa Sheffield, Uingereza, aliweka koili ya shaba juu ya kichwa cha mtu, akaifyatulia umeme, na mkono wa mtu huyo ukashtuka.

Sikio la ndani, hata hivyo, lina siri yake. Majimaji yake hupitisha mkondo mdogo wa umeme wakati wote. Sumaku kali huusukuma mkondo huo, majimaji yakasukumwa nayo, na seli za mizani zikaupelekea ubongo habari ya uongo kwamba kichwa kinageuka. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwalaza watu gizani ndani ya sumaku ya tesla 7. Macho yao yalichezacheza kwa muda wote waliolala humo. Wale ambao viungo vyao vya mizani vilikuwa vimekufa, macho yao hayakucheza.

Kwa hiyo mgonjwa anayesema kitanda cha MRI kinazunguka asiambiwe ni woga wake. Asikilizwe, aelezwe. Akitolewa ndani ya mashine, macho yake huweza kucheza kuelekea upande wa pili kwa muda, kisha hutulia.