Sahani za Buluu za Staffordshire: Utangulizi

Ukikabidhiwa sahani kuukuu ya buluu, utatamani kuigeuza upesi utafute maandishi mgongoni. Nakuomba usubiri kidogo, tuanze na uso wake.

Hizi ni sahani za mchoro wa kuhamishwa. Wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, Josiah Spode akiwa miongoni mwao, waliukuza ufundi huu tangu miaka ya 1780. Fundi alichonga mchoro kwenye bamba la shaba, akalipaka kobalti, madini ambayo buluu yake huhimili moto mkali, kisha akaichapa rangi kwenye karatasi nyembamba ya shashi. Karatasi ilibandikwa kwenye sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, ikasuguliwa, ikaoshwa, rangi ikabaki. Ndipo sahani ilipopakwa glezi, yaani utando unaoyeyuka ukawa kama kioo, na kurudi tanurini.

Sasa fuatisha ukingo kwa kidole. Pambo la ukingo lilibandikwa vipande vipande, na vinapokutana utaona ua limekatika nusu, au jani lisilo na kikonyo. Brashi ya mchoraji haiachi kiungo cha namna hiyo. Mimi hukipenda kuliko mandhari yote ya katikati.

Haya, igeuze. Alama yenye umbo la almasi ni ya usajili wa michoro, iliyotumika kuanzia 1842 hadi 1883. Tangu 1884 nafasi yake ilichukuliwa na "Rd No" na tarakimu. Neno "England" peke yake kwa kawaida ni la 1891 na kuendelea, kwani sheria ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20.

Hapa ndipo wanaoanza hutatizika. Almasi hutaja siku mchoro ulipoandikishwa, wala si siku sahani ilipochomwa, na mchoro uliopendwa ulichapwa kwa miaka mingi. Ule wa mti wa Willow umechapwa tangu mwisho wa karne ya 18 hadi leo! Basi alama hukupa mwaka ambao sahani haiwezi kuutangulia, basi.

Na isiyo na alama? Sahani nyingi za mwanzo hazikuwa nayo. Chungulia pembe ya kitako, glezi ilikotuama. Ikiwa na ubuluu hafifu, huenda ni ya kabla ya 1840 hivi, enzi ambayo wafinyanzi walitia kobalti kidogo kwenye glezi ili udongo uonekane mweupe.