Prosesa ya ARM
Prosesa ya ARM ni aina ya prosesa ya kompyuta iliyobuniwa na wahandisi wa kampuni ya Acorn Computers mjini Cambridge, Uingereza. Sophie Wilson alitunga seti ya amri zake, naye Steve Furber alichora muundo wa ndani. Chipu ya kwanza, yenye transista 25,000 hivi, ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985.

Leo ARM inasifiwa kwa kutumia umeme kidogo, lakini hilo halikuwa lengo kuu la mwanzo. Acorn ilitaka chipu isiyopata moto sana, ili ifungwe katika kasha la plastiki badala ya lile la kauri, ambalo ni ghali. Furber alipopima umeme wake, kipimo kilionyesha sifuri: waya wa umeme haukuwa umeunganishwa, na chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliovuja kutoka saketi za jirani.

Kwa shule isiyofikiwa na gridi, sifa hiyo ina uzito. Katika Wilaya ya Karatu, kwenye barabara iendayo Ngorongoro, shirika la Powering Potential lilipeleka kompyuta za umeme wa jua katika shule za sekondari, ikiwemo Banjika. Baadaye lilitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM iliyotoka mwaka 2012. Modeli B ya kwanza ilihitaji wati 3.5 hivi, ilhali kompyuta ya mezani hula makumi ya wati. Skrini ndiyo inayobaki kuwa mlaji mkubwa wa betri.